Soma Mtutu Kwanza, Kisha Nunua Risasi

Safari hii ukurasa wote wa maswali na majibu nimeutenga kwa bunduki kongwe za risasi za ukingoni. Kwa msomaji mgeni: risasi nyingi za leo zina kidonge cha fataki kilichopachikwa katikati ya kitako cha ganda. Hizi hazina. Fataki yake imetandazwa ndani ya ule ukingo unaozunguka kitako, na pini ya bunduki inapoubana ukingo dhidi ya mdomo wa chemba (pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu), fataki huwaka na kuwasha baruti. Ndiyo .22 ambayo wengi wetu tumeanza nayo kulenga shabaha, pamoja na jamaa zake wakubwa ambao wametoweka madukani.

Maganda yanachanika

*Shikamoo Fundi. Babu ameniachia Winchester Model 1890, ile ya pampu, nyundo iko nje na mtutu una pembe nane. Niliipeleka uwanjani na risasi za .22 Long Rifle. Zinawaka, ila maganda yanatoka yamevimba, mengine yamechanika kwa urefu, na nikifyatua hewa ya moto inanipiga shavuni. Shabaha haieleweki kabisa. Mtu mmoja pale uwanjani ameniambia mtutu umekwisha, nitafute mwingine. Ni kweli? – Mjukuu*

Marahaba, mjukuu. Usiifyatue tena mpaka umalize kusoma jibu hili, na huo mtutu usiuguse. Nina hakika karibu yote kwamba hauna kosa. Kosa ni la risasi.

Model 1890, kazi ya John Browning na nduguye Matthew, haikuundwa ili ile kila .22 iliyopo. Ilitengenezwa kwa .22 Short, .22 Long na .22 WRF (Winchester Rim Fire), na baadaye ikaongezwa .22 Long Rifle, lakini kila bunduki ilikuwa ya aina moja tu. Ukisema "ni .22" hujasema kitu. Hiyo WRF ilizaliwa mwaka uleule wa 1890 pamoja na bunduki yenyewe, na ganda lake ni nene kuliko ya wenzake. Ganda la Long Rifle lina upana wa milimita 5.7 hivi. La WRF linakaribia milimita 6.2. Ukiitia Long Rifle ndani ya chemba ya WRF, ganda linaogelea. Baruti ikiwaka, shaba inalazimika kutanuka ili ijaze nafasi ambayo haikukusudiwa kuijaza, inavimba, inachanika, na gesi inatafuta njia ya kurudi nyuma. Hiyo ndiyo hewa unayoisikia shavuni. Kichwa cha risasi nacho kinaingia kwenye mtutu kikiwa kimeinama, kwa hiyo shabaha itatulia vipi?

Sasa ichukue bunduki ikiwa tupu, angalia chemba kwa jicho kisha hakikisha tena kwa kidole. Tazama juu ya mtutu, karibu na pale unapoingia kwenye mwili wa bunduki. Kama muhuri haujasuguliwa utakuta umeandikwa kaliba: 22 SHORT, au 22 LONG, au 22 W.R.F. Ukisoma hiyo ya mwisho, kesi imekwisha. Ikiwa maandishi yamefutika, au unahisi kuna mkono uliwahi kuchezea chemba zamani, mpelekee fundi atoe umbo la chemba. Kuna aloi inayoyeyuka kabla maji hayajachemka. Humiminwa kwenye chemba, ikaganda, ikasukumwa nje, kisha ikapimwa kwa kalipa. Umbo hilo halidanganyi, hata kama mtutu ulibadilishwa na mmiliki wa katikati ambaye hakumwambia mtu.

Risasi za .22 WRF bado zinapatikana. Winchester na CCI huzitengeneza kwa vipindi, si kila siku, kwa hiyo ukizikuta nunua za kutosha. Na hapa naomba unisikilize vizuri, kwa sababu kuna mshauri atakayekwambia kwamba .22 Magnum ina unene uleule, basi kata chemba kidogo iingie. Ni kweli unene ni uleule. Magnum ya 1959 ilitokana na WRF iliyorefushwa. Lakini shinikizo lake ni la zama nyingine kabisa, na mitambo ya 1890 haikuwahi kuota jambo hilo. WRF yaweza kufyatuliwa katika chemba ya Magnum. Kinyume chake hapana, hata mara moja.

Kama itatokea muhuri wako umesema 22 SHORT, tabia itakuwa tofauti: Long Rifle hazitapanda, kwa sababu kile kijiko kinachoinua risasi kutoka kwenye bomba kimepimwa kwa urefu wa Short. Nyingi za namna hiyo zilifanya kazi kwenye vibanda vya shabaha vya maonyesho, zikafyatuliwa kutwa nzima na watu wasiozijua. Ukikutana na moja ambayo mifereji ya ndani ya mtutu wake, ile inayoizungusha risasi, bado ina kona kali, shukuru.

Risasi za kasi kwenye Stevens

*Fundi, habari za kazi. Nina Stevens Favorite ya risasi moja, ya kufungua kwa wenzo chini. Inatikisika kidogo ikifungwa. Dukani wananiuzia .22 Long Rifle za kasi kwa kuwa ndizo zilizopo. Muhuri wa mtutu unasema 22 LONG RIFLE, kwa hiyo nadhani niko salama, au sivyo? – Mama wa wawili*

Dada, kaliba umeipata sawasawa, na nakupongeza kwa kusoma muhuri kabla ya kuuliza. Linalobaki ni nguvu.

Kampuni ya Stevens ndiyo iliyoileta .22 Long Rifle, mwaka 1887. Ilikuwa greni 5 za baruti nyeusi zikisukuma kichwa cha madini ya risasi cha greni 40, yaani gramu 2.6. Favorite ilikuja miaka ya 1890, na chuma chake, pini zake na skrubu zake vilipimwa kwa kazi hiyo. Risasi za kasi zilitokea mnamo 1930. Jina kwenye boksi ni lilelile na ganda ni lilelile, lakini mzigo ni mwingine. Risasi ya kiwango cha kawaida hutoka kwa mita 325 hivi kwa sekunde, ile ya kasi hufika mita 380. Bunduki haitalipuka mikononi mwako siku ya kwanza. Itachoka taratibu: tundu la pini ya wenzo litapanuka, kile kipande kinachoziba chemba kitaanza kurudi nyuma unywele, na siku moja ukingo wa ganda utapasuka ukiwa karibu na jicho lako.

Huko kutikisika ndiko kunakonipa wasiwasi. Bunduki ikiwa tupu, ifunge, iinue kwenye mwanga, tazama kwa ubavu pale kizibo kinapokutana na mtutu. Kisukume nyuma kwa kidole gumba. Ukiona mwanga ukifunguka, simama hapo, ipeleke kwa fundi abadilishe pini na skrubu. Ni kazi ndogo na si ya gharama ya kutisha, kwani mara nyingi pini ndiyo iliyoliwa na mwili uko salama. Ukishairekebisha, kagua maganda ya risasi za mwanzo moja moja. Ganda zuri lina kitako bapa, na alama ya pini imekaa safi ukingoni. Kitako kikiwa kimetokeza kama mgongo wa kijiko, au ukingo una mstari mweusi wa moshi, bado kuna nafasi nyuma ya ganda.

Tumia za kiwango cha kawaida au zile za chini ya kasi ya sauti. Hupotezi kitu, tena utapata. Risasi inayoanza juu ya kasi ya sauti, ambayo ni mita 340 hivi kwa sekunde, hupungua na kuuvuka mpaka huo ikiwa njiani, na hapo huyumbishwa. Ndiyo maana walenga shabaha wa mita 50 wanapenda risasi za taratibu. Favorite yako na shabaha yako zinataka kitu kimoja. Na vaa miwani ya kinga kila mara, hata kwa risasi moja ya kujaribu.

Mtutu una vishimo vyeusi

*Mzee wangu, nimenunua Martini ndogo ya BSA ya .22. Nje ni nzuri ajabu, ndani mtutu una vishimo vyeusi toka katikati hadi mdomoni. Muuzaji alisema "ilitunzwa kwa mafuta miaka yote". Imekuwaje? Na je, ni ya kutundika ukutani tu? – Seremala*

Seremala, muuzaji huenda amesema kweli, na mafuta hayakusaidia. Fataki za zamani zilikuwa na klorati ya potasiamu. Ikiungua huacha chumvi, nayo hunyonya unyevu wa hewani usiku kucha. Chumvi haiyeyuki katika mafuta. Mtu alimaliza kulenga, akapitisha kitambaa chenye mafuta, akaifunga chumvi chini ya mafuta na kwenda kulala akiamini ametimiza wajibu. Kilichotakiwa ni maji, hasa ya moto, kisha kukausha, kisha ndipo mafuta.

Za .22 ziliumia kuliko zote, na sababu yake inastahili kujulikana. Ganda lake ni dogo, kwa hiyo fataki ni nyingi ukilinganisha na baruti. Wakati wa baruti nyeusi ule masizi mwingi ulizimua chumvi, na watu walilazimika kuosha kwa maji kwa sababu uchafu ulionekana. Ilipokuja baruti isiyo na moshi mtutu ulionekana msafi, watu wakaacha maji, na chumvi ikabaki peke yake na chuma. Mitutu mingi ya kati ya baruti mpya na kufika kwa fataki zisizoleta kutu, miaka ya 1920, iliharibika hivyo. Bunduki ya 1885 yaweza kuwa na mtutu mzuri kuliko ya 1915.

Lakini usiitundike bado. Martini ni rafiki wa mwenye kusafisha: shusha wenzo, kizibo kinainama, na unaweza kuingiza fimbo kutoka nyuma moja kwa moja. Tumia fimbo ya kipande kimoja na brashi ya shaba. Paka dawa ya kusafishia, iache ifanye kazi, piga brashi, pitisha kitambaa cheupe. Vya mwanzo vitatoka vyeusi tii. Halafu utaona rangi ya kijivu yenye vipande vidogo vinavyong'aa, nayo ni madini ya risasi yaliyoganda ndani ya vishimo tangu zamani. Endelea hadi vipande hivyo viishe. Mara kwa mara ninachoonyeshwa kama kutu huwa nusu yake ni huo uchafu. Baada ya hapo kwenye ile niliyonayo mimi, BSA ya umri huohuo, unapotazama kwenye mwanga unaona vishimo vipo, vya kijivu, lakini kingo za mifereji zimesimama.

Mwenye bunduki ambayo haifunguki kwa nyuma, mathalani pampu nyingi, asiingize fimbo ya chuma kupitia mdomoni. Fimbo husugua ukingo wa mdomo wa mtutu, na hapo ndipo risasi inapoagana na bunduki. Mdomo ulioliwa upande mmoja huharibu shabaha kuliko vishimo elfu. Tumia kamba ya kuvuta, kutoka chemba kwenda nje.

Kisha ihukumu kwa karatasi. Iweke juu ya mfuko wa mchanga, mita 25, risasi za taratibu, na uache ya kwanza kadhaa zipite ili mtutu ujipake nta ya risasi hizo. Nimeona Martini zenye mitutu ya kusikitisha zikiweka matundu yote ndani ya sarafu. Bunduki hizi zilienea Uingereza baada ya Vita vya Makaburu vya Afrika Kusini, wakati vyama vya shabaha ndogo vilipoanzishwa ili raia wajifunze kulenga. Zilitengenezwa kwa kusudi hilo moja, na bado zinalijua.

Kwa nini kubwa zilikufa

*Fundi, naona Henry, Spencer na Vetterli za ukingoni kwenye makusanyo, lakini risasi zake hakuna. Kama .22 imeishi, kwa nini hizo zimekufa? Na mtu anaweza kuzifyatua leo? – Mwanafunzi wa historia*

Mwanangu, jibu liko kwenye ukingo wenyewe. Ili pini iuponde, lazima uwe laini na mwembamba. Ukiwa laini na mwembamba hauwezi kuzuia shinikizo kubwa. Ukiufanya mnene, pini haitauponda. Huo ndio ukuta ambao hakuna aliyeuvuka.

Mwanzo haukuonyesha tatizo. Mfaransa Louis-Nicolas Flobert, mwaka 1845, alichukua kifuniko cha fataki akakitia kijiwe cha madini ya risasi, bila baruti kabisa, kwa kulenga ndani ya nyumba. Mwaka 1857 Smith & Wesson wakatoa .22 Short yenye greni 4 za baruti. Kisha Benjamin Tyler Henry, 1860, akaikuza hadi .44 na kuiweka kwenye bunduki inayobeba risasi 16, wakati askari wengi duniani walikuwa wanashindilia kwa mdomo wa mtutu. Spencer ya zama hizohizo ilibeba 7 ndani ya kitako, na wapanda farasi wa Kaskazini katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani waliipenda. Winchester ya 1866, ile ya mwili wa rangi ya dhahabu, ilikula .44 hiyohiyo ya Henry. Uswisi nayo ikaipa jeshi lake zima Vetterli ya milimita 10.4 ya ukingoni kuanzia 1869. Ukipata nafasi ya kuitazama pini ya Henry au Vetterli, utaona ina meno mawili, yagonge ukingo pande mbili kwa pamoja, maana fataki haikutandaa sawasawa kila mahali na jino moja lingeweza kugonga palipo patupu. Kwangu jambo hilo dogo linaeleza hofu yote ya waliozitengeneza.

Ilipofika 1873 Winchester wakahamia risasi ya kugongwa katikati, .44-40. Ilikuwa na nguvu zaidi, na ganda lake liliweza kujazwa upya, faida kubwa kwa mtu anayeishi mbali na duka. Za ukingoni zikabaki pale ambapo udogo na urahisi ndivyo vinavyotakiwa.

Kuzifyatua leo inawezekana kwa baadhi. Kwa .32 ya ukingoni, kuna watu hutengeneza ganda la shaba lenye tundu pembeni, si katikati, ndani yake hupachikwa ganda dogo la .22 lisilo na kichwa liwe fataki, kisha hutiwa baruti nyeusi na kichwa. Huingizwa tundu likiwa limeelekea kwenye pini. Ni kazi ya uvumilivu, na huzaa moshi mtamu. Spencer wengine huzibadilishia kizibo kipya chenye pini ya katikati na kukihifadhi kile cha asili bila kukigusa, na naliunga mkono hilo kwa sababu hurudi ilivyokuwa kwa dakika chache. Henry halisi sitamshauri mtu. Zilitengenezwa kama 14,000 tu, na hakuna shabaha inayolipa ufa mmoja kwenye mwili wake.

Je, ukongwe huondoa leseni?

*Nimesikia bunduki ikishakuwa ya kale haihitaji kibali. – Msomaji*

Inategemea uko chini ya sheria ipi, na tofauti ni kubwa. Sheria ya serikali kuu ya Marekani huita ya kale bunduki iliyotengenezwa 1898 au kabla. Uingereza hutazama pia kaliba, na .22 haimo kwenye msamaha hata ikiwa na umri gani. Tena msamaha wa zile kubwa ni kwa mwenye kuiweka kama pambo au kumbukumbu, na ukitaka kuifyatua unahitaji cheti. Uliza mamlaka ya mahali ulipo kabla ya kulipa, si baada.

Niing'arishe?

*Remington No. 4 yangu imekuwa ya kahawia. Fundi mmoja atanipakia rangi mpya ya bluu. – Mkusanyaji mpya*

Hapana, tafadhali. Ile kahawia tulivu ni chuma kilichokwisha kutulia, nayo hulinda. Akipiga msasa atazungusha kona, atafifisha muhuri, na mkusanyaji mwenzako ataijua toka mlangoni. Palipo na kutu nyekundu hai tu, tia mafuta, iache ilowe, sugua kwa sufi ya chuma iliyo laini kuliko zote, futa. Mbao ipanguse kwa kitambaa kikavu.

Kuvuta triga bila risasi

*Kijana wangu hufanya mazoezi ya kuvuta triga bunduki ikiwa tupu. Kuna ubaya? – Baba*

Kwa za ukingoni, upo, na kwa kongwe zaidi. Bila ukingo wa ganda wa kupokea pigo, pini inagonga mdomo wa chemba, chuma kwa chuma, mahali palepale kila mara. Chuma kilichosukumwa ndani ya chemba kinatokeza nundu, ganda linaanza kukwama, na pini inachakaa ncha. Mpe ganda lililokwisha kutumika alitie chembani, alizungushe kidogo kila baada ya pigo ili pini iangukie ukingo mzima. Kama nundu imeshatokea utaiona kama mkwaruzo mmoja wa urefu kwenye ubavu wa kila ganda linalotoka. Dawa yake ni chuma kigumu chenye ncha ya kuchongoka, kinasukumwa chembani na kuirudisha nundu mahali pake bila kuondoa kitu. Fundi akikujia na tupa, mwombe akurudishie bunduki yako.